Msusi Aliyemkanisha Wifi Yake

Chanuo si jina la kuzaliwa. Wateja ndio waliombandika, kwa kuwa hapakuwa na saa ungemkuta bila chanuo kichwani, hata msibani. Alikuwa msusi, na kibanda chake cha mabati kilikuwa na kioo chenye ufa, benchi moja, na mkeka wa kukalisha wateja. "Kaa chini nikubane," ndivyo alivyokuwa akisema, na ukishakaa umebanwa kweli, kichwa katikati ya magoti yake saa nne nzima, anakusuka huku anakusema. Watu walitoka pale wamependeza na wamebadili mawazo. Wake waliokwisha fungasha virago walirudi kwa waume zao. Mwenyewe alijisifu kwamba hajapata kushindwa na kichwa.

Nyumbani waliishi wanne: yeye, binti yake wa sekondari, wifi yake na mdogo wake wa kiume. Wifi alikuwa dada wa marehemu mumewe, mwanamke wa miaka thelathini na ushee, mpole, ambaye baada ya matanga alibaki tu, maana walishazoeana. Asubuhi walifungua kibanda pamoja, huyu anafumua, huyu anasuka, na utani wao ulikuwa mkali hadi wengine wakija kusukwa na wengine wakija kucheka. Mdogo mtu alikuwa kitinda mimba, jina likamganda hivyo hivyo, Kitinda. Mama yao alifariki Kitinda akingali ananyonya, na Chanuo ndiye aliyembeba mgongoni. Ukimgusa Kitinda, umemtia Chanuo kidole cha jicho.

Basi huyo Kitinda ndiye aliyembaka wifi. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, kwa sababu mtaani lilizungushwa mpaka likachosha, mara "yale mambo", mara "ile ajali ya nyumbani". Ajali gani? Ilikuwa Jumapili mchana, Chanuo na binti yake wako kibandani. Wifi hakumlilia mtu. Alikwenda kituoni na nguo zile zile, akaandikisha maelezo, akapelekwa hospitali, daktari akajaza fomu yake. Jioni Kitinda akatiwa pingu. Chanuo alipofika kituoni, wifi alikuwa amekaa kwenye benchi, kajifunika khanga ya kuazima. Chanuo alimpita akamuuliza askari, mdogo wake ataachiwa lini.

Hakuachiwa. Alikaa mahabusu miezi minane kesi ikipigwa tarehe, na wifi muda wote huo akalala nyumba ile ile, maana hakuwa na kwingine. Wakili aliyeendewa alifungua kitabu cha sheria, akaweka kidole kwenye mstari. Kosa likithibitika, miaka thelathini. Kitinda alikuwa na ishirini na tisa. Chanuo aliijumlisha kichwani, ikawa hamsini na tisa.

"Tumalizane kifamilia," akasema. "Nitamwombea msamaha."

Wakili alicheka. "Mama, hii si kesi ya kuibiana kuku. Anayeshtaki ni serikali. Labda mlalamikaji mwenyewe asimame mbele ya hakimu, akane."

Hakuongeza kitakachompata anayekana, na Chanuo hakuuliza. Alikuwa ameshapata alichokifuata.

Siku moja kabla ya wifi kutoa ushahidi, Chanuo alifunga mlango wa kibanda mchana kweupe. "Njoo nikusuke, wifi. Hutakwenda mbele ya hakimu na nywele timutimu." Wifi alifurahi, maskini. Alidhani ndiyo suluhu yenyewe. Akakaa mkekani, akainamisha kichwa.

Mistari ya kwanza ilikuwa ya utoto wa Kitinda, alivyougua surua, alivyokuwa akilia dada, dada.

"Miaka thelathini unaijua lakini?"

"Nilikuita, wifi. Nilikuita mpaka sauti ikakauka."

"Inama."

"Alinishika shingo."

"Inama, nakosa njia. Mdogo wangu namjua, hawezi kufanya kitu kama hicho. Mlikorofishana, ukapandwa na hasira. Hasira huleta mambo. Kaka yako angekuwa hai angekwambia nini?"

"Angeniambia niseme kweli."

"Angekwambia usiibomoe nyumba yake." Na hapo akavuta nywele kwa nguvu mpaka macho ya wifi yakajaa maji.

Saa ya tatu wifi alijaribu kuinuka. Magoti yakambana. "Utakwenda wapi na nusu kichwa?" Chanuo akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza saa. Wifi akakaa tena. Akalia kidogo, kilio cha pua. Mwisho akauliza lililokuwa likimtisha: "Nikisema nilidanganya, mimi watanifanya nini?"

"Nani akufanye? Watafunga faili, tutarudi kwetu. Mimi sina mwingine, nawe huna mwingine."

Hakujua lolote la sheria huyu mwanamke. Alilisema kwa uhakika ule ule wa kumwambia mteja mtindo huu umekukaa.

Kesho yake wifi akala kiapo, akasema alidanganya. Mwendesha mashtaka, mwanamke wa miwani, alimuuliza mara tatu. Sahihi hii ni yako? Yangu. Na hizi alama za shingoni alizoandika daktari? Nilianguka. Hakimu aliandika kwa muda mrefu bila kuinua uso, kisha akamwachia Kitinda. Chanuo aliinuka kwenda kumkumbatia. Hakimu alikuwa hajamaliza. Mahakama imechezewa, akasema, na kijana wa watu amekaa ndani miezi minane. Akaamuru shahidi ashikiliwe, ashtakiwe kwa kutoa taarifa za uongo polisi.

Askari wa kike akamshika wifi mkono. Chanuo akawakimbilia koridoni. "Waambie basi ile ya kwanza ndiyo kweli."

"Nikisema ile ni kweli, basi leo nimeongopa kwa kiapo," wifi akamjibu. "Kote nimeshafungwa."

Askari akamgeukia Chanuo. "Wewe mama, yuko mtu aliyemshawishi? Kama yupo, njoo uandike maelezo. Hakimu atamwangalia huyu vingine, na ile kesi huenda ikafunguliwa upya."

Kitinda alikuwa amesimama mlangoni, anajinyoosha mgongo. Wifi alimtazama Chanuo. Chanuo, mwenye ulimi wake ule, alitazama sakafu.

"Hayupo," akasema.

Kesi ya wifi haikuchukua miezi. Ilichukua asubuhi moja, kwa sababu alikuwa ameshakiri mwenyewe mbele ya watu. Miaka mitatu. Kitinda alihamia chumba cha wifi wiki hiyo hiyo, akisema kina dirisha kubwa.

Mwezi wa pili wa kifungo Chanuo alikwenda gerezani kumtembelea. Wavu katikati, dakika kumi, askari pembeni na saa yake. Chanuo alizungumza mfululizo, kibanda kinavuja, wateja wanamsalimia, fulani kajifungua. Wifi alisikiliza, amekonda, mikono kaificha mapajani.

"Na binti hajambo? Mbona hukuja naye?"

"Hajambo. Yuko kijijini kwa mdogo wa marehemu mama."

"Shule zimefungwa?"

"Hapana. Nimemhamishia huko."

"Mwaka wake wa mtihani umemhamisha? Tangu lini?"

Chanuo angeweza kudanganya, kazi hiyo aliijua. Sijui kwa nini siku hiyo hakuiweza. "Tangu siku ile aliyorudi Kitinda," akasema.

Wifi akausogelea wavu.

"Kumbe uliniamini," akasema. "Pale mkekani, ulivyokuwa umenibana, ulikuwa unaniamini."

Dakika zilikuwa bado nne. Wifi akainuka, akamwambia askari kwamba mgeni wake amemaliza.