Bunduki niliyoisafisha kwa mkono wangu

Leo bunduki yangu inalala polisi kwa kosa la usafi.

Niliinunua wiki iliyopita Buhembe, kwa mama mmoja mjane. Ni ya kuwindia, ile inayojipakia risasi yenyewe. Vibali vyote vilikamilika. Shida ilikuwa kutu tu, ubavuni.

Mama aliniambia, "Mwanangu, marehemu alikuwa anaipaka mafuta, basi."

Mimi nikanunua msasa.

Siku mbili nzima nimekaa uani kwangu Nshamba nasugua. Waitu, iling'aa! Jirani alikuja kujitazamia meno.

Leo asubuhi nikaipeleka kituoni ikahakikiwe. Afande akasoma namba kwenye leseni yangu, kisha akaigeuza bunduki upande huu, upande ule. Akavaa miwani.

"Mzee, namba ya silaha iko wapi?"

Nikamwonyesha mahali pake. Palikuwa laini kama yai.

"Nani ameifuta?"

Sasa ndugu zangu, kabla hajavaa hiyo miwani nilikuwa nimeshajisifu mbele ya kituo kizima: fundi hajaigusa, kazi yote ni ya mkono wangu.

Hapo wewe ungejibu nini?