Yaya Furaha na chupa tuliyoileta kutoka Sange

Vidole vinakataa kuandika hili. Juzi tumemzika Yaya Furaha, na simu ikiita bado nadhani ni yeye, ananiuliza karatasi za fotokopi zimebaki ngapi.

Kwa wasiomjua: alikuwa mkubwa wangu kwenye sekretariati yetu ndogo ya Nyamianda, tunapochapia watu barua. Nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa; naye aliniita kadogo, ingawa nina watoto watatu.

Mwaka jana alikwenda Nairobi kufanyiwa operesheni ya kupunguza mfuko wa tumbo ili akonde. Hakufuata urembo. Ekografi, ile picha ya ndani ya tumbo, ilionyesha maini yamejaa mafuta, na daktari alimwonya kwamba yakiendelea hivyo yatakuwa magumu na kushindwa kazi.

Alirudi anakula vijiko vitatu vya ugali, basi! Ndagala zake, vile visamaki vya ziwani, nilizimalizia mimi.

Baada ya miezi sita, ekografi nyingine: mafuta yamepungua, maini yanapona. Alicheza katikati ya mashine zetu za fotokopi. "Kadogo, minye nimezaliwa upya!"

Daktari alikuwa amemwandikia: usinywe pombe, usinywe dawa yoyote, hata ya miti, bila kuniuliza. Karatasi hiyo niliifunika plastiki mwenyewe, tukaibandika ukutani.

Lakini huku kwetu mtu akikonda hapongezwi. Anaulizwa nani amemlisha. Karuho, sumu ya kuwekewa kwenye chakula, inatutisha kuliko homa zote.

Minong'ono ikaanza sokoni, ikafika kanisani. Shingo yake ilivyozidi kuwa nyembamba, nikaogopa hata mimi niliyejua sababu.

"Kadogo, iko operesheni tu."

"Yaya, na kama iko karuho? Twende tu Sange. Dawa yake haiue muntu."

Maneno hayo ni yangu. Mungu wangu!

Huko Sange mama mmoja wa dawa za miti alitupatia chupa mbili. Furaha alisita, akanikumbusha ile karatasi. Nikanywa mimi kwanza, nusu glasi, ili asiogope. Ilikuwa chungu ajabu, nikacheka.

Yeye alimaliza zote mbili. Alitapika siku nzima, nasi tukafurahi kwamba sumu inatoka.

Kisha macho yake yakawa ya manjano.

Hospitalini daktari aliuliza, "Mulimunywesha nini?" Shangazi yake akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Nilisema siku ya tatu. Daktari akasema operesheni ilikuwa inayasaidia maini, ila yalikuwa bado dhaifu, hayakuiweza dawa ile. Siku tatu! Sijui zingebadilisha nini, na kutojua huko kunaninyima usingizi.

Sasa kila asubuhi natazama macho yangu kwenye kioo. Nimetolewa damu, majibu ni Jumatatu. Chakula hakipiti. Naogopa sana, ndugu zangu.

Jana kwenye kilio shangazi alinishika mkono. "Angalia weye, uko unakauka! Bale balimumaliza Furaha bamekugeukia. Kesho tukupeleke Sange."

Wote mkekani wakaitikia.

Nilifungua mkoba nikatoa ile karatasi ya plastiki, niliyokuwa nimeibandua ukutani. Niliisoma kwa sauti, mbele yao. Kisha nikawaambia ni nani aliyemshika Furaha mkono hadi Sange.

Yaya, ulinikumbusha karatasi, nami nikakupa glasi. Nisamehe.

Lala, mkubwa wangu. Hakuna tena wa kukunywesha kitu.