Kidole cha Baba

Baba yangu alikatwa kidole cha shahada kule kwetu Kongo kwa sababu alipiga kura. Waasi walikuwa wamekataza, na wino ukamsaliti. Tukakimbilia Kampala, tukapanga chumba Bwaise, nikawa nauza vitenge Nakivubo huku tukingoja Baba apewe kadi ya mkimbizi ili asirudishwe kwa watu wale wale.

Akahojiwa, akanyimwa. Nilipokwenda ofisi ya wakimbizi kuuliza sababu, nikampata mkalimani wao mlangoni, askari mstaafu mwenye kitambi na kicheko cha bure.

"Nyabo, mama, muzee alisema na mudomo yake. Walimukata sababu ya kula. Sasa mwizi ya chakula tutamupa kadi ya nini?"

Nilidhani ananitania. Kumbe kwake r na l ni mamoja. Baba alisema kura, yeye akasikia kula, akamwandikia wizi.

"Ni kura," nikamwambia. "Ya kuchagua rais."

Kicheko kikakatika. Alielewa, nilimwona akielewa. Akatazama ofisini, kisha akanisogelea.

"Imeisha kuandikwa. Nikisema nilikosea, mukubwa atanifukuza. Na mimi niko na watoto."

Ninamchukia mpaka leo wala sioni haya kulisema.

Tukakata rufaa. Bibi mmoja wa ofisi ndiye aliyesikiliza, Mganda asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, na mkalimani akawa yule yule. Ndugu hawaruhusiwi kusema, nikakaa kando ya ukuta. Baba, ambaye nilikuwa nimemweleza kuwa tatizo ni neno, aliona heri atumie mikono. Akainua kile kigutu cha kidole, akakichovya hewani, mahali ambapo kichupa cha wino kingekuwa, akakiinua juu bibi akione.

Mkalimani alinitazama mimi kwanza. Halafu akamgeukia bibi, akafasiri. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini maneno ya chakula na mchuzi nayajua, yameandikwa kwenye kila hoteli Kampala. Alimwambia mzee anaonyesha alivyochovya mchuzi wa watu.

Nikasimama, nikapiga kelele kwa Kiswahili na Kifaransa, lugha ambazo bibi hakuwa nazo. Mlinzi wa mlangoni akanitoa nje kwa mkono.

Baba alitoka baadaye akiwa amechangamka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tuhame.

"Leo ameelewa," akaniambia. "Ulipotoka alinitazama kidole, akatikisa kichwa kwa huruma."