Mtungi Niliouziba

Usiku ule nililala kichwa kimenivimba. Jioni yake tulikuwa tumefungua ukumbi mpya wa mila na desturi katika makumbusho ya jiji, ambako kazi yangu ni kukarabati vitu vikuukuu. Mkurugenzi, mtu asiyejua kinu wala mzinga, alinishika bega mbele ya wageni akasema nina mikono ya dhahabu. Wageni wakapiga makofi haraka haraka ili warudi kwenye sambusa. Kigogo mmoja alipigwa picha amekumbatia ngoma ya msiba, meno yote nje. Niliwadharau wote kutoka moyoni, lakini sifa zao nilizichukua, tena nikaenda nazo kitandani.

Kilichoniletea sifa hizo kilikuwa mtungi wa maji wa Bibi, mama yake mama yangu, aliyeufinyanga kwa mikono yake na kuutumia mpaka alipokufa. Mjomba ndiye aliyeuleta kutoka kijijini, ameufunga kwenye blanketi. Hakutaka kitu ila hati ya shukrani yenye fremu na picha akipeana mkono na mkurugenzi. Mjomba yule angetoa hata kitovu chake mwenyewe kama angehakikishiwa kwamba kamera ipo. Mtungi ulifika mezani kwangu na tundu kwenye kitako, la kupitisha kidole gumba. Nikaliziba kwa jasi, nikapiga msasa, nikachanganya rangi siku tatu mpaka ikafanana na udongo wenyewe. Kwenye kadi nikaandika: Mtungi wa maji, mzima, hali nzuri sana.

Sikuuliza tundu lile lilitoka wapi. Mimi ni mtoto wa mjini, Bibi nilimjua kwa likizo, na alipozikwa nilikuwa kwenye mitihani. Katika kazi yetu tundu ni ubovu, na ubovu unazibwa, basi. Mama alikuja kwenye uzinduzi, akasimama mbele ya kabati la kioo muda mrefu ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Nikamuuliza, "Mama, umeuona?" Akasema, "Nimeuona." Nikadhani ni uchovu wa basi. Nikampeleka kwangu, nikamtandikia chumba cha pili, nikalala.

Nikajikuta kwenye ukumbi wa wanyama. Ilikuwa mchana, watoto wa shule wamejipanga mistari na mwalimu wao anawasomea kadi kwa sauti, anakosea kila jina. Tembo wetu alikuwa pale, na simba wetu ambaye kidevu chake kinabanduka kila masika nami hukigandisha kwa gundi. Nilikuwa nimevaa koti langu jeupe na glavu nyeupe. Nikaona maji sakafuni. Nikaanza kutafuta mfagiaji nimkaripie, na hapo Bibi akapita katikati ya watoto, kanga kiunoni, ngata kichwani, na juu ya ngata ule mtungi umejaa mpaka mdomoni. Watoto wakampisha bila kumtazama.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Hakunijibu. Maishani mwake hakuwahi kuniacha na shikamoo yangu hewani namna ile, na niliumia kuliko ningepigwa kofi. Alisimama mbele ya simba. Akamtazama kidevu, akamtazama macho ya gololi.

"Huyu amekufa?"

"Amekufa zamani, Bibi."

"Na ndani mmemtia nini?"

"Mbao na pamba."

Akasonya. Msonyo mrefu, ule wa wanawake wa kwetu, unaoanzia mbali na kumalizikia usoni mwa mtu. Nikataka kumweleza kwamba hii ni elimu, kwamba watoto wanajifunza, maneno yale yale ambayo mkurugenzi huwaambia wafadhili. Yakanikauka mdomoni, kwa sababu nilimwona mwalimu akimwita nyumbu punda mwenye ndevu.

Bibi anaendelea kutembea nami namfuata. Sakafu ya vigae inakuwa njia ya udongo, inashuka, na sasa tuko kwenye mteremko wa kisimani kwao. Viatu vyangu vya ofisini vinateleza. Anainama, anachota kwa kibuyu, anajaza, anajitwika. Tunapanda. Shingo yake inatetemeka. Alikufa mzee sana Bibi yangu, na shingo ile haikuwa tena ya kubebea mtungi. Tunafika kwenye nyumba yake. Mlango uko wazi, ndani hamna mtu, jiko limepoa. Anasimama mlangoni na mzigo wake kichwani, anangoja mtu wa kumtua. Hakuna. Namsogelea nimtue, mikono yangu inateleza ndani ya glavu, siwezi kuushika. Anamwaga maji yote uani, anageuka, anaanza kushuka tena kisimani.

"Bibi, unamtekea nani?"

"Unaniuliza mimi tena?"

Sijui tulishuka na kupanda mara ngapi. Ninachojua ni kwamba nililia njia nzima, naye hakugeuka hata mara moja kunibembeleza. Safari ya mwisho akautua mwenyewe kwa taabu, akaulaza ubavu juu ya meza yangu ya kazi, maana sasa tulikuwa kwenye karakana yangu, taa zote zinawaka. Akapitisha kidole kwenye kitako cha mtungi. Mimi mwenyewe, niliyeliziba tundu, ningehitaji miwani kuona mahali pale. Yeye kidole kilikwenda moja kwa moja.

"Mkono wa nani huu?"

"Wangu, Bibi."

"Kazi nzuri. Hauvuji hata tone."

Hakuna tusi nililowahi kutukanwa lililonishusha kama sifa ile. Kisha akaniambia, polepole, kama anamwambia mgeni aliyepotea njia, jambo ambalo kila mtoto wa kijijini kwake analijua.

"Kwetu mwanamke akimaliza kazi, mtungi wake unatobolewa kitako, unawekwa kichwani pa kaburi lake. Ndiyo ruhusa yake. Anajua hatateka tena. Mimi nilipewa ruhusa yangu, nikalala. Wewe umenirudisha kisimani."

Nilipiga magoti. Nikavua glavu, nikazitupa chini ya meza. Nikasema nitautoboa mwenyewe, kesho asubuhi, nina mashine ndogo ya kutobolea, haitauvunja, itakuwa kazi safi. Hata mbele ya Bibi yangu aliyekufa nilikuwa bado najisifia vyombo vyangu!

"Wewe?" akasema. Akaniangalia mikono, hakuona kitu cha kumfaa. "Mwambie aliyenitobolea anitobolee tena."

"Ni nani, Bibi?"

"Yumo nyumbani mwako. Hajalala."

Akajitwika mtungi. Nikasikia maji yakipigapiga ndani yake akienda zake, na sauti ile ikaniamsha.

Alfajiri ilikuwa inaingia dirishani. Mto wangu ulikuwa umelowa machozi. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, nikatoka nilivyo, miguu mitupu. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, amevaa tayari, viatu miguuni, mkoba mapajani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia ndoto yote, nimesimama palepale. Nilipofika kwenye ujumbe wa Bibi alifumba macho.

"Ni mimi," akasema. "Binti wa kwanza ndiye anayetoboa. Nilitoboa kwa jiwe, nikajikata kidole."

"Sasa mbona jana hukusema kitu?"

"Nilisoma kadi yako, imeandikwa mzima. Nikasema labda mna sababu zenu. Nyie ndio mliosoma."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejitetea. Badala yake nikaleta aibu nyingine juu ya ile ya kwanza: nikamwambia kwamba mtungi ule sasa ni mali ya makumbusho, umeandikishwa, na mkurugenzi akikuta umetobolewa atanifukuza kazi.

Mama aliniangalia mikono, kama vile Bibi alivyoniangalia. Kisha akasimama, akajifunga kanga juu ya gauni lake la safari.

"Mama yangu anateka maji," akasema. "Jiwe nitaliokota njiani. Wewe njoo unifungulie kabati."