Mbegu Nayo Iko Mahindi

Huguette Mwansa alikuwa na kiti kinachozunguka. Mtu ambaye hajawahi kukalia kiti cha namna hiyo ndani ya depo ya mahindi, huku wenzake wamekalia magunia, huyo hajui kiburi kina ladha gani. Kila asubuhi alikizungusha mara moja kabla ya kuwasha kompyuta, kisha akatazama chini dirishani kuona kama wapagazi wamemwona.

Depo yenyewe iko barabara ya Kasungami, mali ya patron Anselme, mtu wa Butembo, mwenye sala ndefu na maneno mafupi. Upande mmoja hukaa mahindi ya kula. Upande wa pili hukaa mbegu, zilizopakwa dawa nyekundu ili wadudu wasiziguse, dawa ambayo hata kuku anaijua na kuikimbia. Wakulima hununua mbegu kwa meka, lile bakuli la kupimia, kwa hiyo magunia yake hubaki nusunusu, bila chapa.

Zamani depo yote ilikaa ndani ya kichwa cha Faustin Chileshe, mdogo wa mama yake Huguette. Miaka kumi na tisa bila daftari. Alijua gunia gani limelowa njiani kutoka Sakania na lipi limeingia fukusi. Ndiye aliyemwombea Huguette kazi. Kwao cheo cha mtu hakishuki kwa watoto wake, kinavuka kwa watoto wa dada yake, kwa hiyo Faustin alijua siku moja nafasi yake itamwendea binti huyu. Asichokijua ni kwamba itamwendea huku yeye mwenyewe bado amesimama pale, ana meno yote.

Huguette alikuwa amejifunza kuandika programu mwaka mmoja na nusu, na cheti alikitundika ukutani juu ya kalenda ya patron; depo nzima ikamwita ingénieur, mhandisi. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa mabaki. Kila Jumamosi depo humwaga pamoja nusu-magunia yaliyobaki ili yapatikane magunia kamili. Aliandika programu, akamwita mjomba wake mbele ya wapagazi aione.

“Mujomba, angalia. Hii alama ya plus, kwa namba inajumlisha namba. Mimi niliifundisha kazi ingine. Nikiandika gunia plus gunia, mashini inajua: mwaga pamoja, jumlisha kilo, tafuta wastani wa unyevu, funga.”

“Inajua?”

“Inajua.”

“Na macho yake iko wapi?”

Wapagazi walicheka. Huguette hakucheka. Alieleza polepole, kama anayemlisha mtoto, kwamba ndani ya programu kuna kilasi moja, yaani kundi lenye kanuni zake, jina lake Mahindi, na hiyo ndiyo baba. Chini yake kuna watoto: mahindi meupe, mahindi ya njano, mbegu. Mtoto hahitaji kufundishwa tena. Kazi zote anazozijua baba, naye anazijua. Anarithi.

“Mbegu nayo?” Faustin aliuliza. “Huguette, mwana yangu, ile mbegu…”

“Mbegu nayo iko mahindi, mujomba.”

“Minajua iko mahindi. Lakini…”

“Basi inarithi. Unauliza nini tena?” Akageuza kiti, akampa mgongo. “Kichwa yako imejaa, mujomba. Haina tena nafasi ya kitu mupya.”

Wapagazi watano walisikia. Patron Anselme naye alisikia, amesimama mlangoni na funguo zake. Jumatatu iliyofuata alimpa Faustin ufagio. Faustin aliupokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea zawadi, akasema asante.

Wiki tatu zilipita vizuri, kwa kuwa mbegu zilikuwa bado hazijafika. Mwezi wa kumi zikaja. Jumamosi, kwa mara ya kwanza, nusu-magunia ya mbegu yakaingia katika hesabu ya mabaki. Kompyuta haikusita. Ilizikuta mbegu ni watoto wa Mahindi, ikachukua kujumlisha kwa baba yao, na jibu likatoka na jina la baba: Mahindi, ya kula. Huguette alichapa orodha, akatia sahihi yake yenye mkia mrefu, akaiteremsha. Yeye hakushuka. Vumbi lilikuwa linamchafulia viatu.

Chini, wapagazi walisimama.

“Baba Faustin, hii iko nyekundu.”

Faustin alitazama ngazi za ofisi. Kumi na moja. Mguu wake ulizijua zote.

“Ingénieur ametia sahihi?”

“Ametia.”

“Basi mufanye vile mashini inasema.”

Wakamwaga mbegu na mahindi pamoja. Faustin mwenyewe alishona midomo ya magunia, thelathini na manne, na kila moja akalitia alama ya makaa pembeni, asije akalipoteza. Alikuwa anashona huku anapiga mluzi.

Jumatatu lori la Kipushi lilikuwa limeshapakia, na patron amekuja na mteja wake. Faustin alifunga geti, akasimama mbele yake na ufagio.

“Patron, ingénieur ashuke kwanza.”

Huguette alishuka.

“Soma mustari ya kwanza ya karatasi yako, mwana yangu. Sauti ya juu, bantu basikie.”

“Mbegu saba plus mahindi meupe kumi na mbili…” Alirudisha macho mwanzo wa mstari. Alikuwa ameelewa.

“Endelea.”

“Mujomba…”

“Endelea, ingénieur. Lori inangoja.”

“…Mahindi. Ya kula.”

Faustin alishusha gunia moja lenye alama ya makaa, akalichana kwa kisu. Punje nyeupe na nyekundu zilimwagika hadi kwenye viatu vya mteja. Alichota meka nzima, akaimimina katika viganja vya mpwa wake.

“Mbegu nayo iko mahindi. Onja.”

Wapagazi walicheka hadi wakashikana mabega. Patron hakumzuia mtu. Huguette alisikia harufu ya dawa ikimpanda puani.

“Onja, basi. Inarithi!”

Alifungua viganja, punje zikaanguka.

“Faustin,” patron alisema, “weye ulijua?”

“Mi niko muntu wa kufagia, patron. Kichwa yangu imejaa.”

Patron alitazama lori, kisha akamtazama binti. “Unaweza kutengeneza?”

“Sasa hivi, patron. Mistari mine tu!”

Alipanda mbio, patron nyuma yake. Ndani ya kilasi ya mbegu aliandika kujumlisha kwake yenyewe, kunakofunika kule kwa baba: atakayejaribu kuzimwaga na kitu kingine, kompyuta inakataa kwa herufi nyekundu. Alijaribu mara tatu, ikakataa mara tatu. Akageuza kioo cha kompyuta, machozi hayajakauka lakini shingo imeshanyooka.

“Haitarudia tena, patron. Muntu yeyote anaweza kubonyeza, haitakubali.”

“Muntu yeyote?”

“Yeyote!”

“Bon.” Patron alitoa kichwa dirishani. “Faustin, panda.”

Mahindi yatachomwa, patron aliamua, lakini mbegu ni ghali, zichaguliwe kwanza. Tangu siku hiyo Huguette amekaa juu ya turubai na magunia thelathini na manne, anatoa punje nyekundu moja moja. Glavu hakuna aliyempa. Vidole vimekuwa vyekundu hadi kwenye kifundo cha mkono na havitakati kwa sabuni yoyote, na nyumbani yeye, mwanamke mzima wa miaka ishirini na sita, bukari, ule ugali wa kwao, anatiwa mdomoni na mama yake.

Juu, kiti kinalia kikizunguka.

“Ingénieur!” Faustin anaita dirishani. “Mashini inanikatalia.”

“Umeweka nini na nini, mujomba?”

“Mbegu na mahindi.”

“Unafanya vile juu ya nini?”

“Bule tu. Minapenda kuona vile inakataa.”

Huguette anainama, anatafuta nyekundu nyingine.