Mikono Minane ya Mjakaranda

Mwaka huu kanisa langu limenitenga na meza ya Bwana kwa sababu ya mikono minane ya mbao. Nimeamua kuandika mwenyewe kabla sijaandikiwa na wengine, maana mtaani kwetu Makadara habari hutoka nyumbani asubuhi ikiwa na miguu na kufika jioni ikiwa na kwato.

Mimi ni fundi wa mbao, mwanamke wa miaka sitini na mitatu. Viti na vitanda ndivyo vilivyosomesha watoto wangu. Lakini kazi ninayojivunia ni nyingine. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimetengeneza maajabu ya filamu za Kihindi, zile za miungu yao. Mungu akiruka, mshale ukigawanyika hewani ukawa mishale mia, kichwa cha pepo kikikatwa na kuota kingine, basi kuna mtu aliyekaa chini akafikiri namna ya kulifanya jambo hilo. Hapa Nairobi mtu huyo ni mimi. Kabla yangu Wahindi wa hapa walikuwa wakikata vipande kutoka filamu za ng'ambo na kuvibandika kwenye zao. Nasema hivyo bila kuona haya.

Chanzo ni baba. Alikuwa mchongaji kutoka Ukambani, aliyechonga twiga na vifaru vya watalii mpaka akawa hapendi kumwona twiga hata kwenye picha. Jumapili mchana, tukitoka kanisani, alinipeleka Eastleigh kwenye jumba la sinema lililoonyesha filamu za Kihindi. Hatukujua neno hata moja la lugha ile. Siku moja mungu alipaa akiwa ameketi juu ya ndege mkubwa, na ukumbi mzima ukashusha pumzi. Baba aliniinamia sikioni akasema, "Tafuta waya." Nilitafuta mpaka macho yakauma. Sikuuona, na nilirudi nyumbani na hasira.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nikinunua misumari katika duka la mzee mmoja wa Kihindi karibu na Jogoo Road, nikamkuta akigombana na mlima. Ndiyo, mlima. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza filamu ya sikukuu yao, wakipiga picha katika ghala lake la Industrial Area siku za Jumapili, mashine za majirani zikiwa zimenyamaza. Mungu wao alitakiwa kuunyanyua mlima kwa kidole kimoja, na mlima waliokuwa wametengeneza ulifanana na gunia la makaa. Nikamwambia, "Mzee, niachie mimi." Niliuchonga kwa lile povu jeupe gumu linalofungiwa televisheni, nikaupaka gundi, nikaumwagia majani ya chai yaliyokwisha kupikwa yawe msitu. Aliuzunguka mara mbili akaniuliza ni wapi nimeona msitu kama ule. Nikamwambia ni kwenye kichujio.

Tangu siku hiyo aliniita Fundi. Nilimtengenezea ua la yungiyungi linalochanua mungu akiwa ndani yake: tulilifunga petali moja moja kwa uzi mbele ya kamera, kisha picha ikachezwa kinyumenyume. Nilimtengenezea gari la jua, na mto uliopasuka katikati, ambao ulikuwa bati lililopakwa rangi na kumwagiwa maji.

Nilikosea pia, na kosa lenyewe lilikuwa la mtu wa kwetu. Katika filamu ya tatu nilimfungia mungu mabawa kwa mikanda ya ngozi ya ng'ombe, ngozi safi niliyoichagua mwenyewe, maana kwa fundi wa kwetu hakuna mkanda unaoishinda. Kijana aliyemwigiza mungu alikuwa amefunga tangu alfajiri. Siku ile nazi ilikuwa imevunjwa na kamera kuvishwa taji la maua, kama wafanyavyo kabla ya kuanza. Akanusa bega lake, akalinusa tena, akakaa chini akalia. Wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee aliifungua mikanda ile kwa mikono yake, akaitoa nje, akarudi akasema, "Fundi, ulikuwa hujui. Sasa unajua." Basi. Hakuniuliza naabudu nini wala hakuniletea wazee wa hekalu. Kuanzia hapo nilitumia mikanda ya viti vya magari, nikavua viatu mlangoni kama wenzangu, na Jumapili za kazi nilibeba viazi badala ya nyama.

Mwaka huu aliniita. Amezeeka sana, anatembea akishika ukuta. Alitaka filamu ya mungu wao wa kike mwenye mikono kumi, anayemuua pepo mwenye umbo la nyati. Vijana wa kompyuta walikuwa wamemfanyia jaribio, na mikono yao yote kumi ilikwenda juu pamoja na kushuka pamoja. "Hiyo ni feni," mzee alisema. "Mimi nataka mama."

Nilichonga mikono minane ya mjakaranda, mbao nyepesi, nikaitoboa ndani ibaki ganda, nikaiwekea maungo kwenye viwiko na viganja. Miwili iliyosalia ingekuwa ya mwigizaji mwenyewe. Yote ilishikwa na fremu ya mgongoni, na kamba zilipita nyuma ya pazia jeusi hadi kwa wavutaji. Kuchonga hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni mwendo. Kila nilipovuta, nilipata feni ileile.

Jibu nililipata kanisani, wakati wa sifa. Nilikuwa nimesimama kwenye benchi langu la pili nikaona akina mama wenzangu wakiinua mikono. Haikuinuka pamoja. Mmoja alianza, mwingine akamfuata kabla wa kwanza hajafika juu, wa tatu akasitasita kwenye kiwiko kama mtu anayebisha hodi, na kuna mmoja aliyeinua vidole tu kwa sababu bega linamuuma. Mikono mingi, na ungedhani ni ya mtu mmoja. Wiki saba mfululizo nilisimama pale nikiimba kwa mdomo na kuhesabu kwa macho. Kama hiyo ni dhambi, hiyo peke yake nitaitolea hesabu.

Nilipomaliza kuipaka rangi niliitundika kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba ikauke. Binti wa jirani alitoka na beseni la nguo akasimama.

"Mathee, hizi mikono ni za nani?"

"Zangu."

"Aki usinicheze. Hapa kuna nane."

Alihamisha nguo zake kwenye ua wa jirani mwingine. Siku ya pili mtaa mzima ulikuwa na habari.

Alhamisi walikuja: mzee wa kanisa, akina mama watano, na mwenyekiti wao, ambaye ni rafiki yangu wa miaka thelathini. Tumezikiana wazazi. Mama mmoja alikuwa amebeba mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, akiificha chini ya leso kama mtu asiyejua mafuta ya taa yana harufu.

"Dada, umetuletea nini hapa?" mwenyekiti aliuliza.

"Mikono ya sinema."

"Mama," mzee wa kanisa akasema, "tumeambiwa ni mikono ya sanamu. Kitabu kiko wazi, usivisujudie."

"Sivisujudii, mzee wangu. Navipiga msasa."

Hakucheka. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, kwamba Jumapili niilete ile mikono kwenye ua wa kanisa baada ya ibada, ichomwe, nami nitubu mbele ya watu. Nisipofanya hivyo nitatengwa na meza.

Ningeweza kujibu maneno mengi. Mimbari anayosimamia akihubiri niliichonga kwa tezo iliyochonga mikono ile, na tezo haijawahi kuulizwa dini. Badala yake niliifunga fremu kwenye kiti, nikaketi nyuma yake nikavuta kamba.

Mkono wa kwanza uliinuka. Wa pili ukafuata kabla wa kwanza haujafika. Wa tatu ukasita kwenye kiwiko. Nilivuta polepole, kama nilivyojifunza kwao, na nikamwona yule mama wa chupa ya soda akiuachia mkono wake uinuke, ukapanda hadi kifuani kabla hajajikumbuka na kuushusha.

"Mnaijua hii mikono," nikasema. "Ni yenu. Nimewatazama wiki saba. Huu wa bega bovu mwenyewe yuko hapa. Na huu, mwenyekiti, utazame kidole cha mwisho."

Rafiki yangu alisogea. Kidole chake cha mwisho kilivunjika akiwa msichana, kikapona kikiwa kimepinda. Aliutazama ule mkono wa mbao, akauficha wake ndani ya leso.

"Ulinichukua bila kuniuliza," akasema.

Hapo alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. Nilimwomba radhi yeye, kwa kidole. Sikumwomba radhi mtu mwingine yeyote.

"Basi Jumapili, Mama," mzee wa kanisa akasema.

"Jumapili nina kazi."

Jumapili nilikuwa ghalani. Msichana aliyemwigiza mungu, karani wa duka la dawa, alikuwa amefunga. Nilimfunga fremu mgongoni kwa mikanda ya magari, nikaenda nyuma ya pazia na mama mmoja wa pale ghalani, yeye kamba za kushoto, mimi za kulia. Taa zikawaka. Tulivuta. Sikuona kitu, mvutaji haoni kitu ila kamba. Niliwasikia tu watu wakishusha pumzi upande wa pili, kama zamani Eastleigh. Mzee alisahau kusema kamera izimwe, tukaendelea kuvuta mpaka mabega yakawaka moto. Sikuabudu kitu pale. Nilifanya kazi vizuri kuliko nilivyowahi kuifanya, na nilifurahi kiasi cha kuona aibu, halafu nikaacha kuona aibu.

Barua ya kunitenga ilisomwa Jumapili iliyofuata. Nilikuwepo. Ilikuwa na sahihi mbili, ya mzee wa kanisa na ya rafiki yangu. Iliniuma, sitajifanya haikuniuma. Nimekula kwenye meza ile tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na siku ile nilikwenda nyumbani nikalala bila kula chochote. Barua inasema mlango uko wazi, nikiichoma mikono nitarudishwa siku hiyohiyo. Mikono iko karakanani, imetundikwa ukutani mbele, mahali mteja anapoiona kabla hajaulizia kitanda.

Wengi walidhani nitahamia kanisa lingine, na mtaani kwetu makanisa si haba. Wengine walidhani nitahamia kwa Wahindi. Sikuhama. Mimi ni Mkristo, na kanisa ni langu kama lilivyo lao. Kila Jumapili naketi benchi la pili. Sifa zikianza natazama mikono ya wenzangu, na siku hizi wapo wanaoishusha wakiniona.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ndipo mkate unapotolewa. Mzee wa kanisa hupita na sinia, benchi kwa benchi. Akifika kwetu humpa aliye kushoto kwangu, kisha huliinua sinia juu ya kichwa changu na kumpa aliye kulia. Ananikwepa macho. Mimi simkwepi. Nanyoosha mkono wangu, kiganja juu, na nauacha hapo mpaka sinia limalize kanisa zima na kurudi mezani. Miezi mitano sasa. Bega linauma, na mkono naunyoosha.