Meza ya Mama Neema

Siku tuliyoiokota meza ya Mama Neema naikumbuka vizuri, mwanangu, hata kama siku hizi nasahau nilipoweka miwani yangu. Imenijia leo kwa sababu nimekuona uani ukisugua kile kiti cha zamani ulichokitoa kwenye nyumba iliyobomoka. Nimefurahi, usifikiri nimekuja kukugombeza. Lakini pumzisha mikono kidogo, ukae hapa.

Ilikuwa wakati wa vita, hapa hapa Bunia. Nilikuwa nimeolewa karibuni, mume wangu amekwama Beni, nami nilikaa na mama mkwe wangu. Tulikuwa tumekimbia, tukarudi mji ulipotulia kidogo. Nyumba ya jirani yetu, Mama Neema, tuliikuta haina mlango wala mabati. Yeye alikuwa wa kabila lile lingine, ambalo watu wetu walikuwa wakipigana nalo. Kabla ya hapo yeye na mama mkwe walikuwa wakiombana chumvi na kusukana nywele. Halafu alikimbilia upande wa Aru na watoto wake, bila hata kuaga.

Meza yake ilikuwa mtaroni. Waporaji waliiona nzito wakaitupa, baada ya kukata mguu mmoja kwa ajili ya kuni. Ilikuwa ya libuyu, ule mti mwekundu wa misitu yetu. Mama mkwe aliitazama, akajifunga kitenge vizuri, akaniambia nishike upande wa pili. Njiani mwanaume mmoja wa mtaa wetu alituuliza kwa nini tunachunga vitu vya adui. Mama mkwe hakusimama.

"Iko ya jirani yangu," alimjibu, tukaendelea.

Kuitengeneza kulituchukua majuma. Tuliosha tope, tukaiacha ikauke kivulini, maana juani mbao ingepasuka. Maduka yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo tulichuma majani ya msasa, yale yanayokwaruza, tukasugua nayo mpaka vidole vikauma. Mguu mpya tuliuchonga kwenye kipande cha mlango uliovunjwa. Ulitoka mnene kuliko wenzake, na mama mkwe akasema meza yetu ina ugonjwa wa matende. Mwishoni tuliipaka nta ya nyuki, na ule wekundu wake ukarudi. Nakuambia kweli, niliipenda meza ile kama yangu.

Kilichoniudhi ni alama moja. Katikati ya ubao wa juu palikuwa na doa jeusi la pasi ya makaa, mtu alikuwa ameisahau pale. Nikachukua kipande cha chupa nianze kulikwangua. Mama mkwe alinishika mkono.

"Weye, unatafuta nini pale?"

"Mama, iko mubaya. Nataka meza ikuwe mupya."

"Hatutengeneze meza mupya. Tunatengeneza ya Mama Neema. Akirudia na hajue meza yake, atasema tuliiba tukaficha alama. Mimi sitaki nimupoteze juu ya ile."

Nilinuna siku nzima. Nani alikuwa na hakika kwamba Mama Neema yuko hai? Na kama hiyo haitoshi, mama mkwe alikataza tusile juu ya ile meza. Meza inang'aa pembeni, sisi tunakula chini kwenye mkeka. Nilimcheka moyoni, Mungu anisamehe.

Mama Neema alirudi wakati askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu, wakizunguka mjini. Alisimama nje ya ua wetu, uso ameukunja. Watu walikuwa wamemwambia kwamba sisi ndio tuliokula mali yake, naye hakutaka kuingia. Mama mkwe hakujitetea. Aliniita, tukaibeba ile meza, tukaiweka mbele yake.

Aliutazama ule mguu mnene. Halafu mkono wake ukaenda penye doa, ukabaki hapo.

"Hapa Neema aliachaka pasi," akasema taratibu. "Nilimupiga sana juu ya hii."

Neema, binti yake wa kwanza, homa ilimuua njiani kuelekea Aru, wakamzika kando ya barabara. Picha zake ziliungua pamoja na kibanda chao cha ukimbizini. Nguo zake zilipotea. Mama mkwe alimshika Mama Neema mabegani, wakalia wote wawili, na mimi nikalia nyuma yao nikikifikiria kile kipande cha chupa. Baadaye Mama Neema aliingia ndani mwenyewe, akatuuliza kama chakula kipo.

Basi, mwanangu, osha uchafu, ondoa palipooza, ua mchwa. Hayo ni ya mti. Lakini alama iliyoachwa na mtu, iulizie kwanza kabla hujaisugua. Nenda pale ulipokitoa hicho kiti, uwaulize wazee wa mtaa nani alikuwa akiishi humo. Ukimpata mwenyewe, mrudishie, hata kama mikono imekuuma. Na watu wakikuambia fulani ni adui, wewe endelea kumchungia vitu vyake.

Mungu aliyenipa mama mkwe wa namna ile akupe na wewe mtu wa kukushika mkono kwa wakati. Akupe afya, akupe nyumba ambayo hutaikimbia. Na jirani yako yeyote atakayeondoka bila kuaga, siku atakayorudi, akukute bado unamngojea.